Saa Tisa Usiku

Nyumba yetu Nkuhungu ina vyumba sita na mita moja,
na mimi, kwa kosa la kuwa na mwandiko mzuri,
ndiye mtunza daftari.
Sechelela: friji, barafu za ubuyu.
Fundi Nyemo: cherehani ya mota, taa mbili.
Chedego: redio, ambayo anaapa haili kitu.
Mzee Chihoma wa chumba cha uani: balbu.
Elfu mbili kwa mwezi, na hakuna aliyewahi kumbishia,
maana balbu moja ni balbu moja.

Mita ya zamani ilikuwa kipofu.
Ilihesabu tu ng'ombe wakiingia zizini gizani,
haikuuliza huyu wa nani.

Hii mpya wameipandisha nguzoni,
sisi tumeachiwa kidude cha vitufe ukutani.
Unaingiza tarakimu ishirini; ukikosea ya kumi na tisa
unaanza upya, giza limekusimamia begani.
Tena ina kikomo.
Pasi, friji na birika vikikutana
inakata, tii!
nyumba nzima kimya kama darasa mwalimu akiingia,
kisha Chedego: "Nani tena?"
na kila mlango: "Si mimi."

Na inakumbuka.
Ukibonyeza ulivyofundishwa inakusomea jana
saa kwa saa, kama mke mwenye wivu.

Ndipo nikaiona.
Saa tisa usiku, robo yuniti.
Usiku wa juzi, robo yuniti.
Jumatatu, robo yuniti.
Jumamosi na Jumapili, hakuna.
Mwizi gani huyu anayepumzika wikiendi?

Sikumwambia mtu ila Nyemo,
yaani niliwaambia wote.
Kufika jioni mwizi alishakuwa Sechelela,
kwa sababu friji lake linanguruma
na mwenye kelele ndiye hushikwa.
Siku nne hatukusalimiana.
Alinihesabia chenji yangu ya barafu
sarafu moja moja, kwa sauti.

Usiku wa tano nikaamka.
Julai ile, upepo unakwaruza mabati,
vumbi linaingia hata kwenye ndoto.
Nikajifunga kitenge juu ya kitenge,
daftari kwapani, sentensi tayari mdomoni.
Chini ya mlango wa uani, mstari wa mwanga,
na harufu ya nguo mbichi ikikaukia motoni.

Mzee Chihoma, fulana tu kifuani,
blanketi limetandikwa mezani,
shati moja jeupe, kola imegeuka rangi ya chai.
Hakushtuka.
"Mchana pasi yangu inazima friji ya binti yule.
Nilijaribu mara mbili, barafu zake zikawa uji.
Nikaona nitafute saa isiyo na mwenyewe."

Na shati?
"La kwendea Mtumba, kufuata mafao.
Miaka ishirini na tisa ya reli, mwanangu.
Wananiambia kesho.
Sasa, kesho huwezi kuiendea na makunyanzi."
Akajaza maji kinywani, akanyunyiza mkono wa kushoto,
pff,
mvuke ukampanda usoni akafumba macho.

Sentensi yangu niliimeza na upepo.
Asubuhi nikaandika: *saa tisa, robo yuniti, ya nyumba.*
Chedego akauliza ya nyumba ndiyo nini.
Nikamwambia ndiyo hiyo inayolisha redio yako.

Kwa Sechelela nilienda mwenyewe.
Nilinunua barafu tatu nisizozihitaji, kwenye baridi ile,
nikazila zote mbele yake hadi meno yakauma,
ndipo akacheka.

Siku hizi, saa mbili usiku, anachomoa friji,
anagonga mlango wa uani kwa ngumi yenye ubaridi:
"Babu! Zamu yako!"
Babu anaitika ahsante, ahsante mama,
na hatoki.
Mita bado inasoma saa tisa, robo yuniti.
Anasema shati la mapema
hujikunja kabla kesho haijafika.